Aliyepima Sukari Kwenye Vilio

Muzee wa labo alinichoma kidole kwenye kilio cha baba mudogo, na maiti ilikuwa bado ndani ya nyumba. Narudia, maana hata mimi mwenyewe nikilisema nalisikia vibaya. Maiti iko ndani, akina mama wanaimba, mimi nimekaa uani kwenye benchi, macho yamevimba, na mtu mzima wa miaka sabini na kitu anakuja na begi lake la kahawia, ananiinamia sikioni: "Leta mukono." Nikadhani anataka kunipa pole. Nikampa. Akaumwagia maji ya chupa palepale juu ya mawe, akausugua na sabuni, akaukausha kwa kitambaa chake, halafu, chwi! Damu.

Shangazi mmoja alipiga kelele mpaka wimbo ukakatika. "Muzee, hauna haya? Mutu hata hajazikwa!"

Hakugeuka. Alikuwa anatazama kimashine chake kidogo, anasubiri namba. "Mama, siku batu banazika, famiye yote inakaa pamoja siku tatu," alisema. "Siku zingine nitabapata wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na nimemfahamu nayo zaidi ya miaka ishirini. Akisikia kuna kilio katika kartie, mtaa wetu, na marehemu amekufa akiwa amekonda, au amekatwa mguu, au amelala tu na hakuamka, yeye anafika. Anasalimia, anakaa na watu, anaitikia sala zote. Halafu anasimama na kuuliza kwa sauti ya kanisani: "Nani ni wa damu yake hapa?" Watoto wa marehemu, kaka, dada, wapwa, wote waliopita miaka thelathini na mitano anawapanga kwenye benchi. Mara nyingine alifukuzwa. Mara moja nilimuona kwa macho yangu akirushiwa kiatu. Alikiokota, akamrudishia mwenyewe, akamwambia: "Vaa. Na leta kidole."

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Muzee wa labo hata wakati nywele zake zilikuwa nyeusi. Labo yenyewe, maabara yetu, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya, na darubini moja na dirisha ambalo kioo chake kilipasuka siku risasi zilipopita. Malaria, minyoo, homa ya matumbo, vyote alivipima, lakini alivipima akiwaza kitu kingine. Ugonjwa aliouwinda ni sukari. Mtu anakuja na kikohozi, anatoka amepimwa sukari. Kama una kitambi, au mama yako alikuwa nayo, au ulizaa mtoto mwenye kilo nyingi, ulikuwa umekwisha, hutoki bila kuchomwa.

Alikuwa mfupi, na bluzi yake, lile koti jeupe la labo, aliifua mwenyewe kwa sababu hakumuamini mtu mwingine na sabuni. Viatu aliving'arisha kila asubuhi, katika mji huu wa Goma ambao vumbi lake ni jeusi. Begi lake lilikuwa na vitu vilevile siku zote: kimashine, kopo la vile vijikaratasi vya kupimia, pamba, chupa kubwa ya maji, kipande cha sabuni na kitambaa safi. Bila kukuosha mkono hakuchomi. Hata uje unakufa, utaoshwa kwanza. Na hakuchomi katikati ya kidole, anachoma pembeni. Tone la kwanza analifuta. "Hii ya kwanza ni ya kidole," alisema. "Ya pili ni yako."

Akina mama walimchukia kwa yale maji. Bomba zetu mnazijua, siku mbili zinatoka, wiki nzima zimekauka, na ziwa liko chini kule. Watu wanapandisha bidon, madumu ya maji, mgongoni au kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, wanafika juu wanahema. Halafu muzee anamwaga maji ya kunywa juu ya vidole vya watu!

"Si kuna alkoli?" mama mmoja alimuuliza.

"Alkoli inaua mududu," alijibu. "Sukari haiuawi. Sukari inaoshwa."

Neno alilolichukia kuliko yote ni "kidogo". Hapa kwetu ukimuuliza mtu anasema: niko na sukari kidogo. Muzee alikuwa anawaka moto. "Kidogo si namba! Ulipimwa asubuhi bila kula? Mara ngapi? Nani alikuosha mukono?" Na kama hukuweza kujibu, basi kwake hukuwa umepimwa. Sheria yake tuliijua wote kwa kichwa, hata walevi. Uje asubuhi, tumbo tupu toka jana. Chini ya mia, rudi nyumbani. Kutoka mia mpaka mia na ishirini na tano, mtaonana tena, na wewe anza kutembea kwa miguu. Cent vingt-six, mia na ishirini na sita, kupanda, rudi siku nyingine, tumbo tupu tena. Ikirudi juu, hapo ndipo atakapokuambia. Kabla ya mara ya pili hakukuambia kitu, hata ulie, hata umshike bluzi.

Lazima niseme sheria hiyo ilitoka wapi, kwa sababu aliinunua kwa aibu.

Miaka ya mwanzo alikuwa mwepesi wa mdomo. Siku moja akaja mama mkamuaji wa ndizi, wale wanaotengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Yule mama alikuwa ametoka kukamua, mikono yote mpaka kwenye viwiko ni maji ya ndizi mbivu. Alijipangusa na kitenge chake, akaja kupima malaria. Muzee akampangusa kidole na alkoli, akachoma. Namba ikapanda juu, mia nne na kitu. Akamwambia palepale, mbele ya watu: "Mama, weye uko na sukari ya hatari." Ayi! Nyumba nzima ililia. Mume wake aliita ndugu kutoka kijijini, pasta akaja akapaka mafuta, watoto wakakatazwa kumpa mama yao hata kiazi. Wiki mbili anakula majani machungu. Kisha hospitali kubwa ikampima: hana kitu. Mzima kabisa.

Mama alirudi kwenye kituo cha afya siku ambayo foleni ilikuwa ndefu. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe muzee! Hukunipima mimi, ulipima ndizi yangu!" Watu walicheka mpaka wagonjwa wakajisahau. Toka siku ile watoto wakimuona njiani: Mupima-ndizi! Mupima-ndizi! Na yeye alikuwa mtu wa heshima zake, mtu wa viatu vinavyong'aa. Jina lile lilimuuma sana, na kwa muda mrefu.

Hapo ndipo alipoanza kubeba chupa na sabuni. Hapo pia ndipo alipoapa hatamwambia mtu kitu kwa kipimo kimoja.

Usifikiri alikuwa mwoga. Waasi walipoingia mjini, sikumbuki tena ni mara ya ngapi maana tumewaona wengi, kamanda mmoja alikuja labo na vijana wanne wa bunduki. Anataka kupimwa sukari sasa hivi. Mimi nilikuwa pale natengeneza rafu, mimi ni fundi wa mbao, na nilijificha nyuma ya ubao wangu mwenyewe. Muzee akatazama mikono ya kamanda. Alikuwa anakula pipi.

"Nenda uoshe," akamwambia.

Kamanda akamkodolea macho. "Unajua unaongea na nani?"

"Sijui. Na sukari yako pia sijui. Uoshe, kisha kuya kesho asubuhi, usikule kitu."

Mbao ilinitoka mkononi. Nilijua tunakufa wote. Yule kamanda akatazama vidole vyake, akavilamba, akatoka. Kesho yake asubuhi alikuja, peke yake, tumbo tupu. Akaja na keshokutwa pia. Muzee hakutuambia kamwe namba ya mtu yule.

Na Muzee huyohuyo hakuweza kuona kuku akichinjwa. Alitoka nyumbani kwake, akaenda kusimama barabarani mpaka binti yake amuite. Kimashine chake alikiombea kila asubuhi, mkono juu, amefumba macho, halafu akikukuta wewe unakunywa maji ya baraka badala ya dawa anakutukana. Alidai umri usio wake. Nilimsikia akisema ana sitini mwaka nilipomaliza shule, na alikuwa bado na sitini mtoto wangu alipomaliza. Aliingia kila ua wa mtaa. Ua mmoja tu hakuingia, wetu. Miaka na miaka alitusalimia akiwa barabarani, kofia mkononi, na akapita haraka. Mama yangu alifikiri anatudharau.

Sasa nifike kwa Papa, baba yangu mzazi.

Papa alikuwa mpakuaji kwenye depo ya sukari, magunia mgongoni toka asubuhi. Mtu mnene, wa kucheka. Mwaka ule lava ya volkano iliposhuka na kupita katikati ya mji, yeye alikuwa ameanza kukonda tayari, lakini nani alitazama? Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, kila mtu alikonda. Lava ikaja. Tukakimbia kuvuka mpaka, tukalala kwenye baridi, tukarudi baada ya siku chache tukikanyaga mawe yenye joto bado. Nyumba yetu ilipona. Kituo cha afya kiliungua pamoja na labo, vikajengwa upya baadaye. Papa akaendelea kuisha. Alikuwa anakunywa maji usiku na mchana, bidon tuliyopandisha asubuhi hakuna kitu saa sita. Anakojoa, anarudi anakunywa. Suruali ikamshinda, akafunga na kamba.

Na jirani yetu, Mama Furaha, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa anamletea bushera, uji wa mtama. Kila siku jioni. Alimhurumia. Papa ndiye aliyemsaidia kujenga ile nyumba yake ya mbao.

Watu wa Kivu wanaonisoma wameshajua nitasema nini. Mtu akikonda hivi kwetu, bila kikohozi, bila homa, neno linalokuja ni moja: karuho. Ile sumu wanayosema inaua polepole, unalishwa leo unakufa baada ya mwezi. Hatukumpeleka Papa kupimwa. Tulimpeleka kwa mtu wa dawa za kienyeji anayetapisha karuho. Akamnywesha, Papa akatapika mpaka macho yakageuka, yule mganga akatuonyesha kitu cheusi ndani ya beseni. "Mumeona?" Tukasema tumeona. Siku tatu baadaye Papa alilala, anapumua kwa nguvu, tukimwita hatusikii, na akafa.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeanzisha neno. Alisimama katikati ya kilio na kikombe cha bushera mkononi. "Nani alikuwa anamupa chakula ambayo siye hatukupika?" Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na hasira ya kuua. Tulienda wengi. Mama Furaha alikuwa anachambua maharage kwenye mlango wake, alikuwa anajitayarisha kuja kupika msibani kwetu. Alitutazama kama haelewi. Mimi ndiye niliyepanda juu ya nyumba yake na kung'oa mabati, moja baada ya lingine, na kuyatupa chini, watoto wake wakiwa ndani. Nilikuwa fundi mwanafunzi, nilijua misumari iko wapi. Aliondoka siku ileile, godoro na sufuria juu ya chukudu, mtoto mdogo ameketi juu. Hakutulaani. Alisema tu, "Papa yenu alikuwa ndugu yangu." Mtu akamrushia jiwe la lava, likampata begani. Hayo niliyaona.

Na ninakumbuka, bila kujua ninakumbuka nini, kwamba Muzee wa labo alikuwepo kwenye kilio kile. Alikaa karibu na mlango, mikono katikati ya magoti.

Miaka ikapita. Vita vikapita, vikarudi. Kisha mlima ukalipuka mara nyingine, tukaambiwa mji wote utoke. Wengine walikimbilia Sake, wengine Rutshuru, kila mtu na njia yake. Tuliporudi, nikashangaa: Muzee wa labo, aliyekuwa hakanyagi kwetu, sasa yuko mlangoni kwangu kila wiki.

"Leta kidole."

"Muzee, mimi si mugonjwa."

"Ndiyo maana ninakuya. Mugonjwa anajileta mwenyewe."

Nilimkimbia. Nilimfukuza. Siku moja nilimtuma mke wangu aseme nimesafiri, na mimi niko nyuma ya nyumba napiga randa, mtaa mzima unasikia. Miezi mingi hivyo, mpaka baba mudogo akafa, na Muzee akanipata kwenye benchi, machozi machoni, siwezi kukimbia.

Hakuniambia namba siku ile. Aliniambia nije keshokutwa asubuhi, tumbo tupu. Nilikwenda kwa hasira ili anikome. Cent trente-neuf, mia na thelathini na tisa. Nikarudi wiki iliyofuata. Cent quarante-deux, mia na arobaini na mbili. Hapo akaweka kalamu chini. "Uko nayo," alisema. "Haujaisikia bado, lakini uko nayo. Tumeikamata mapema." Mimi sikuwa na kiu, sikukonda, nilikuwa nabeba mbao kama kawaida! Nilimkatalia, nikamtukana. Alingoja nimalize, akaniandikia karatasi ya kwenda kwa daktari. Kisha akafanya jambo lililonishangaza zaidi ya ugonjwa wenyewe: alishika kichwa changu kwa mikono yote miwili na akalia. Nikafikiri ni uzee.

Mwaka huu, baada ya mji kubadilisha watawala tena na kituo cha afya kuporwa mpaka milango, nilisikia binti yake amemchukua, wanaishi Kalengera. Mimi nilikuwa napanda Rutshuru kutafuta mbao. Gari liliposimama Kalengera nikashuka, nikauliza, nikaonyeshwa. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, bila bluzi. Nilikuwa sijawahi kumuona bila bluzi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, lakini viatu vilikuwa safi.

"Unakunywa dawa?" Ndiyo salamu yake.

"Ninakunywa."

"Leo asubuhi?"

"Cent dix-huit." Mia na kumi na nane.

Akafurahi, nikaona. Kisha akatazama barabara. "Baba yako nilimupima," akasema.

"Baba mudogo, Muzee. Yeye alikufa kabla haujamupima."

"Hapana. Baba yako. Asubuhi moja kabla ya lava."

Nilicheka kidogo, nikifikiri anachanganya watu. Hakucheka.

"Alikuya kabla ya kazi, tumbo tupu. Bomba ilikuwa imekauka, sikukuwa na maji ya kuosha, chupa yangu alikuwa ameinywa yote, palepale, anaomba ingine. Nikamupangusa na alkoli. Trois cent douze."

"Mia tatu na kumi na mbili," nikasema. Sijui kwa nini nilitafsiri.

"Nikamuuliza, Papa, unafanya kazi gani? Akasema, depo ya sukari. Nikacheka. Unasikia? Nilicheka. Nikamwambia, umeniletea sukari ya patron wako wa depo, nenda, kuya kesho na mukono safi. Naye akacheka. Kesho yake ndio lava ilishuka."

Nilimuuliza kwa nini hakumtafuta.

"Kwanza labo ilikuwa imeungua. Nilikuwa ninajiambia hivyo. Kisha nikamuona anatembea juu ya mawe, suruali imefungwa na kamba. Kitabu cha labo kinasema, mutu mwenye kiu ile, mwenye kukonda vile, na namba ile, kipimo moja inatosha. Hakuna haja ya ya pili. Ile kamba haikufungwa na sukari ya mukononi! Nilijua. Lakini nilisikia tena batoto banapiga kelele, Mupima-ndizi, Mupima-ndizi. Nikasema nitangoja mashine ingine ikuye."

"Na kwenye kilio?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, binti yake akachungulia mlangoni.

"Kikaratasi cha namba kilikuwa mufukoni. Nilisikia karuho, karuho. Nilikuona weye unapanda juu ya nyumba ya Mama Furaha."

"Ungesema!"

"Ningesema, mungeniuliza, na kwa nini haukusema akiwa muzima? Mulikuwa munatafuta mutu wa kulaumu. Niliogopa nitakuwa mimi." Akafuta pua. "Kile kilikuwa kilio cha mwisho nilikaa bila kupima batu."

Nilisimama. Nitasema ukweli, nilitaka kumpiga, yule mzee, na mikono yake inayotetemeka. Baba yangu alikuwa na miaka arobaini na minne. Halafu nikaona mabati. Niliyaona yakianguka moja moja, nikasikia watoto ndani. Huyu alinyamaza, mimi ndiye niliyeng'oa. Nikakaa tena chini, kwenye mchanga.

"Mama Furaha aliishia wapi?" nikamuuliza.

"Yuko. Karibu tu, njia ya Rumangabo. Analima."

Akaniambia. Ule mwaka wa volkano ya pili yeye Muzee alikimbilia huku pamoja na wengine, na akaanza kupima watu katika uwanja wa kanisa, foleni ndefu. Akaosha mkono mmoja, akainua macho: ni Mama Furaha. Akashindwa kuchoma. Akamwambia yote, palepale, mbele ya foleni, namba, kikaratasi, kicheko chake.

"Alisema nini?"

"Aliniuliza, na batoto ya Papa yule, ulibapima? Nikasema hapana. Akasema, miaka yote hii? Rudi Goma ubapime, ile ugonjwa inafuata damu. Ule kijana alipanda juu ya nyumba yangu, anza naye."

Nilikuwa natazama kidole changu, pembeni pale, mahali pa kuchomea, pamekuwa pagumu sasa.

"Dada yako mukubwa ya Butembo ndiyo sikumufikia," Muzee alisema. "Njia ilifungwa, na mimi nilizeeka. Kila nikionana na Mama Furaha ananiuliza juu yake. Mwezi jana ameniuliza tena."

Nikatoa simu. Nikampigia. Dada alipokea haraka, nyuma yake kuna kelele za soko.

"Dada," nikamwambia, "kesho asubuhi usikule kitu. Uende hospitali bakupime sukari."

"Sukari? Mimi niko muzima! Weye uko na nini? Nani amekutuma?"

"Mama Furaha."

Kelele za soko ziliendelea. Nikasikia kiti kinavutwa, nikasikia anakaa. Kisha, kwa sauti ya chini sana, akaniuliza hospitali inafungua saa ngapi.